Hedhi imekatika baada ya kukwanguliwa kizazi, HSG (picha ya eksirei ya kizazi kilichojazwa dawa) ina mapengo: tuendelee vipi?

mganga_wa_zamu

Habari za kazi wakuu. Naomba maoni ya mabingwa wa akina mama na wenzetu wa radiolojia.

Mama wa miaka 29, mzao mmoja. Baada ya kujifungua kipande cha kondo la nyuma kilibaki, akatokwa damu hadi wiki ya tatu, ndipo akakwanguliwa kizazi kwa kijiko cha chuma. Ni miezi tisa sasa hajaona siku zake. Karibu kila mwezi anaumwa chini ya kitovu siku mbili tatu, kisha maumivu yanaisha yenyewe. Aliacha kunyonyesha miezi minne iliyopita, hajawahi kuchoma sindano ya uzazi wa mpango wala kuweka kijiti. Kipimo cha mimba ni hasi. Ultrasaundi ya juu ya tumbo imeandikwa "kizazi cha kawaida, utando mwembamba". Kwenye HSG dawa imeingia kidogo, kuna mapengo yenye kingo kali katikati ya kizazi, na mrija wa kushoto hauonekani kabisa. Anataka mtoto wa pili.

Je, hii inatosha kusema kuta za kizazi zimeshikana kwa kovu? Kuna vipimo vya homoni tunavyotakiwa kufanya kwanza? Na hapa kuna mwenzetu anashauri tumlaze, tupanue mlango wa kizazi, tupitishe kijiko polepole kuachanisha kuta, halafu tuweke kitanzi ili zisishikane tena. Ni sahihi?

bingwa_wa_kizazi

Daktari, naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye hatari. Msipitishe kijiko.

Utando wa ndani ya kizazi una matabaka mawili. La juu ndilo linalokua na kubomoka kila mwezi. La chini limelala juu ya msuli, na ndilo linalozaa la juu. Maadamu la chini ni zima, la juu litakua tena hata likitoka lote. Chuma kikilikwangua la chini kwenye kuta mbili zinazotazamana, msuli uliobaki wazi unagusana na mwenzake na kidonda kinapona kwa kushikana. Wiki ya pili hadi ya nne baada ya kujifungua ndicho kipindi kibaya kuliko vyote. Kizazi bado ni laini, mkono hauhisi utando unaishia wapi na msuli unaanzia wapi, na estrojeni (homoni inayokuza utando) ya mama anayenyonyesha iko chini, kwa hiyo utando hauwahi kufunika kidonda. Kwa historia hiyo tu, hata kabla ya picha, mshikamano ungekuwa wa kwanza kwenye orodha yangu. Joseph Asherman alipoandika kuhusu wagonjwa wake 29 mwaka 1948, hadithi yao ilikuwa hiyohiyo: kukwanguliwa baada ya mimba, kisha hedhi kupotea.

Mkiingiza kijiko au vipanuzi bila kuona, chombo hakitafuata mstari wa kovu. Kitakwenda palipo laini, na kwenye kizazi kilichofungwa na kovu gumu, palipo laini mara nyingi ni msuli wenyewe. Mtachimba njia ya uongo ukutani au mtatoboa. Hata msipotoboa, mtang'oa mabaki ya utando mzima ambayo ndiyo pekee yatakayomwezesha kupona. Hayo maumivu ya kila mwezi ni habari njema kiasi: yanaashiria kwamba mahali fulani ndani upo utando unaoitikia homoni, ila damu haina njia.

Kitanzi nacho hakifai hapa. Cha shaba kina umbo la T, hakitenganishi kuta kwa upana, na shaba yenyewe huchochea uvimbe. Chenye homoni kinazuia utando usikue, kinyume kabisa na tunachotaka. Zamani kulikuwa na kitanzi cha Lippes, kipana chenye mizunguko, ambacho kilifaa zaidi kwa kazi hii, lakini hakiuzwi tena.

picha_na_mionzi

Kuhusu HSG: pengo la mshikamano lina kingo kali, umbo lisilo na mpangilio, na halibadiliki kutoka picha moja hadi nyingine. Povu la hewa ni duara na linahama ukimgeuza mgonjwa. Polipu na faibroidi ya ndani (vivimbe vya kizazi) huwa na kingo laini za mviringo. Rudini kwenye picha ya mwanzo kabisa, dawa ikiwa imejaa nusu tu, maana ikishajaa sana hufunika mapengo madogo. Kama waliohifadhi wamebakiza picha moja ya mwisho, hapo mmepoteza nusu ya taarifa.

Ikilinganishwa na kamera inayoingizwa ndani ya kizazi (histeroskopia), HSG hubaini takriban asilimia 75 hadi 81 ya mishikamano. Udhaifu wake mkubwa uko upande wa pili: inasingizia. Sehemu kubwa ya wanaoambiwa "kuna mshikamano" kwa HSG, kamera ikiingia haikuti kitu. Kwa hiyo, kwa mama huyu, andikeni "inashukiwa sana", msiandike "imethibitika". Anayethibitisha, na kupima ukubwa wa tatizo, ni histeroskopia.

Msimwambie mrija wa kushoto umeziba. Kovu likikaa kwenye kona ya kizazi linafunika tundu la mrija na dawa haifiki, ilhali mrija wenyewe unaweza kuwa mzima. Mrija hukaza pia kwa maumivu ya kipimo. Hilo litajulikana baada ya kizazi kufunguliwa.

Jambo jingine la kutazama: je, kuna michirizi kama wavu pembeni ya kizazi? Hiyo ni dawa iliyoingia kwenye mishipa ya damu kwa sababu ilisukumwa kwa nguvu kwenye nafasi iliyofungwa. Ukiiona, acha kusukuma papo hapo. Ndiyo sababu anayeshukiwa kuwa na mshikamano apewe dawa ya picha inayoyeyuka kwenye maji, si ya mafuta. Mafuta yakiingia kwenye mishipa yanaweza kuziba mishipa ya mapafu.

Ultrasaundi ya juu ya tumbo haitoshi. Rudieni kwa njia ya uke, mpime unene wa utando na mtazame kama mstari wake umekatika vipande. Mkiweza, pitisheni katheta laini na muweke mililita 5 hadi 10 za maji ya chumvi safi huku mnaangalia: kizazi kizima kinatanuka, kilichoshikana kinabaki chembamba au kinaonyesha madaraja kati ya ukuta na ukuta. Katheta ikigoma kwenye mlango wa ndani, iacheni. Kugoma kwenyewe ni taarifa, maana wapo ambao kovu lao liko mlangoni tu na juu yake utando ni mzima. Hao hupona vizuri kuliko wote.

homoni_na_uzazi

Naongezea swali moja ambalo halijaulizwa: je, maziwa yalitoka vizuri baada ya kujifungua, na damu aliyopoteza ilikuwa kiasi gani? Mama aliyetokwa damu nyingi sana wakati wa uzazi tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na inayoongoza ovari, inaweza kufa kwa kukosa damu. Huyo naye hedhi inakatika, lakini dalili zake ni maziwa kutotoka, uchovu, baridi, na nywele za sehemu za siri kupukutika. Kumfungua kizazi mgonjwa wa namna hiyo hakumsaidii kitu. Huyu wenu alinyonyesha kwa miezi kadhaa, kwa hiyo uwezekano ni mdogo, lakini uandikwe kwenye faili kwamba umeulizwa.

Pimeni homoni nne: FSH (ya pituitari inayoamsha ovari), estradioli (estrojeni ya ovari), prolaktini (ya maziwa) na TSH (inayoamsha tezi ya shingo). FSH ikiwa chini pamoja na estradioli, tatizo liko kichwani. FSH ikiwa juu, liko kwenye ovari. Zote zikiwa za kawaida, mlango unabaki mmoja, kizazi. Kuna pia jaribio la dawa: estradioli miligramu 2 kwa siku kwa siku 21, na siku 10 za mwisho kuongeza medroksiprojesteroni (dawa ya aina ya projestini) miligramu 10. Asipotokwa damu ndani ya wiki moja au zaidi kidogo baada ya kumaliza, njia imefungwa au utando haupo. Kwa historia na picha kama hizi, mimi nisingelifanya. Linakula mwezi mzima na halitabadilisha uamuzi wa kumpeleka kwenye kamera. Lina thamani pale ambapo HSG haipatikani.

kifua_kikuu_cha_uzazi

Huku kwetu msisahau TB ya kizazi, hasa kwa mama ambaye hajawahi kukwanguliwa, au alikwanguliwa mara moja kwa upole lakini kovu ni kubwa kuliko maelezo. Inakula utando kimyakimya, hedhi inapungua mpaka inakauka, na mirija kwenye HSG inaonekana kama shanga au imekatika ghafla.

Sampuli ichukuliwe kwa koleo dogo wakati wa histeroskopia. Igawanywe mara mbili: sehemu moja kwenye fomalini kwa ajili ya patholojia, nyingine kwenye maji ya chumvi bila fomalini kwa ajili ya GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya TB) na kuotesha. Kosa linalotokea kila siku ni kutumbukiza kipande chote kwenye fomalini, hapo vimelea vimekufa na hakuna tena cha kuotesha. Tena bakteria huwa wachache sana kwenye utando, kwa hiyo GeneXpert hasi haiondoi TB kama patholojia inaonyesha vinundu vyake (granuloma).

Ikithibitika, tibuni TB kwanza hadi mwisho: miezi 2 ya rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi 4 ya rifampisini na isoniazidi. Kizazi kifunguliwe baadaye. Rifampisini inalifanya ini livunje estrojeni haraka, kwa hiyo dawa za kukuza utando baada ya upasuaji zitafanya kazi kwa shida mkizichanganya. Na familia ielezwe ukweli mapema: kovu la TB ndilo linalorudi zaidi, na uwezekano wa mimba baada yake ni mdogo.

mganga_wa_zamu

Asanteni sana wakuu. Kijiko tumekiweka kando. Maziwa yalitoka kawaida, hakupewa damu. Hospitali ya rufaa iliyo karibu nasi ina kamera ya kizazi. Naomba nielewe nini kitafanyika huko ili nimweleze mama, na zaidi nini kitabaki juu yetu akirudi, maana kule hawatamlaza siku nyingi.

bingwa_wa_kizazi

Kule wataingia na kamera nyembamba, lenzi ya milimita 2.9 hivi ndani ya mrija wa kama milimita 5, wenye njia ya kupitishia mkasi mdogo. Anayejua kazi hii haanzi na vipanuzi wala kijiti cha kupima urefu wa kizazi, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyotoboa. Anaingia akiangalia tangu ukeni, na kibofu kinaachwa kijae ili mwenzake aongoze kwa ultrasaundi juu ya tumbo. Mshikamano ukiwa mzito sana wengine huongeza laparoskopia (kamera ya tumboni) ili waone mgongo wa kizazi kutoka nje.

Kizazi kinatanuliwa kwa maji kwa shinikizo la milimita 70 hadi 100 za zebaki, lisizidi wastani wa shinikizo la damu la mgonjwa. Likizidi, maji yanaingia kwenye mishipa. Muuguzi mmoja anakaa na kazi moja tu ya kuhesabu yaliyoingia na yaliyotoka. Kwa maji ya chumvi, tofauti ikifika mililita 2500 kazi inasimama. Kwa glaisini, maji yasiyo na chumvi yanayotumika na umeme wa njia moja, ni mililita 1000, kwa sababu sodiamu ya damu inaweza kushuka hadi mgonjwa akachanganyikiwa au kupata degedege. Tofauti ikipanda ghafla, au kizazi kikisinyaa ghafla, hesabu kwamba kimetoboka mpaka uthibitishe vingine.

Ukataji unaanzia chini kwenda juu, katikati kwanza ambako nyuzi ni nyembamba, kisha pembeni. Kovu ni jeupe na halitoi damu. Ukianza kuona nyuzi za pinki na damu inachuruzika, umeingia kwenye msuli, rudi nyuma. Lengo ni kuona tundu la mrija wa kulia na wa kushoto katika kizazi chenye umbo lake. Mkasi unapendelewa kuliko umeme, maana joto linaunguza utando mzima wa jirani. Mshikamano mkali hauhitaji kumalizwa siku moja. Kurudi mara mbili au tatu ni salama kuliko kulazimisha.

Waombeni waandike daraja. Mfumo wa Marekani wa 1988 hutoa alama kwa eneo (chini ya theluthi moja 1, theluthi moja hadi mbili 2, zaidi ya hapo 4), aina ya kovu (nyembamba 1, mchanganyiko 2, gumu 4) na hedhi (kawaida 0, kidogo 2, hakuna 4). Jumla 1 hadi 4 ni daraja la kwanza, 5 hadi 8 la pili, 9 hadi 12 la tatu. Mama yenu ana alama 4 za hedhi kabla hata ya kamera, kwa hiyo atakuwa la pili au la tatu.

Sasa sehemu yenu, na hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Kukata ni nusu ya tiba. Vidonda viwili vibichi vinatazamana tena kama siku ile ya kwanza, na kwenye mshikamano mkali kurudi kwa kovu huripotiwa kati ya asilimia 20 na 62.

Mara nyingi atarudi na puto ndani. Ni katheta ya Foley (mpira wa mkojo wenye puto) ya watoto, namba 8 au 10, ncha yake ikiwa imekatwa mbele ya puto ili isichome juu ya kizazi, na puto lina mililita 3 hadi 3.5 tu. Linakaa siku 5 hadi 7, wengine hadi 10. Msilichanganye na puto la kuanzisha uchungu linalojazwa mililita 30 au zaidi. Mkilijaza hivyo kwenye kizazi kisicho na mimba litabana kuta, damu haitafika kwenye utando, na mtaua kile kilichookolewa. Maumivu makali yasiyotulia kwa ibuprofeni, punguzeni mililita moja. Homa au uchafu wenye harufu, toeni puto na mtibu maambukizi. Wengi huandika antibiotiki ya doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku puto likiwa ndani. Ushahidi wake ni dhaifu, lakini kama imeandikwa amalize. Kama badala ya puto wametumia jeli ya asidi ya hayaluroniki kutenganisha kuta hakuna cha kutoa, inayeyuka yenyewe.

Estrojeni ianze mara moja: estradioli valereti miligramu 2 asubuhi na 2 jioni kwa wiki tatu hadi nne, siku 10 za mwisho aongezwe medroksiprojesteroni miligramu 10. Dozi kubwa kuliko hiyo haijaonyesha faida ya ziada. Kabla ya kutoa, ulizeni kuhusu damu kuganda miguuni, kipandauso chenye giza au mwanga machoni, ugonjwa wa ini na saratani ya titi. Na tafadhali msibadilishe kwa vidonge vya majira eti kwa kuwa navyo vina estrojeni. Projestini iliyomo inauweka utando mwembamba tangu siku ya kwanza.

mkunga_wa_wilaya

Naomba nikazie upande wa kamera ya pili. Akina mama wengi wakiona damu tu baada ya vidonge wanadhani wamepona na hawarudi. Damu inatoka hata kama nusu ya kizazi imeshashikana tena. Mpeni tarehe kabla hajaondoka: wiki ya kwanza hadi ya pili baada ya upasuaji kama wanaweza, maana nyuzi changa zinaachana kwa ncha ya kamera tu bila mkasi. Ikishindikana, basi baada ya mzunguko wa kwanza wa dawa. Asitafute mimba mpaka kamera hiyo ionyeshe kizazi kiko wazi.

Kama kamera ya kwanza ikikuta kizazi kiko wazi lakini ukuta ni mweupe, mkavu, hauna utando, hakuna cha kukata, na hiyo ni hali ngumu kuliko mshikamano wenyewe. Atasikia watu wakimtajia chembe shina na sindano za plazma yake mwenyewe. Bado ziko kwenye utafiti, na asiuze shamba kwa ajili hiyo.

mganga_wa_zamu

Nimeelewa. Akishika mimba je, kliniki ya kawaida inatosha?

mkunga_wa_wilaya

Hapana. Andika kwenye kadi yake ya kliniki, ukurasa wa mbele, "aliwahi kufunguliwa mshikamano wa kizazi". Hatari kubwa ni kondo la nyuma kuota ndani ya msuli, kwa sababu pale palipokuwa na kovu hakuna utando wa kulizuia. Ultrasaundi ya wiki ya 18 hadi 20 ieleze kondo limekaa wapi, irudiwe wiki ya 28 hadi 32 kutazama kama mpaka kati ya kondo na msuli bado upo. Mtoto afuatiliwe ukuaji, na uchungu wa mapema utarajiwe. Ajifungulie penye chumba cha upasuaji, damu ya kutosha na daktari anayeweza kutoa kizazi usiku wa manane. Kondo likigoma, msivute kamba na msiingize mkono kulibandua kwa nguvu. Mwiteni daktari huyo.

Kwa wodi yenu wenyewe: mimba iliyotoka nusu chini ya wiki 13 na mama yuko imara, misoprostoli mikrogramu 600 za kumeza au 400 chini ya ulimi, mara moja, inawatosha wengi. Ikibidi kusafisha, tumieni MVA (pampu ya kunyonya ya mkono) yenye mrija wa plastiki, si kijiko cha chuma. WHO imeshaelekeza hivyo. Msimalizie kwa kijiko "kuhakikisha ukuta unakwaruza". Mkwaruzo huo ndio sauti ya tabaka la chini likitoka. Na kipande cha kondo kinachobaki baada ya kujifungua kitolewe kwa kuongozwa na ultrasaundi au kwa kamera, isipokuwa damu inamwagika na hakuna muda.

picha_na_mionzi

Kwenye barua ya rufaa ambatanisha picha zote za HSG, si ripoti peke yake, ukianza na ile ya dawa ikiwa imejaa nusu. Andika tarehe ya kujifungua, tarehe ya kukwanguliwa, chombo kilichotumika, majibu ya homoni na ya kipimo cha mimba cha wiki hiyohiyo. Hospitali nyingi zitarudia kipimo cha mimba asubuhi ya kamera. Mwambie mama asishangae.